Zamu ya Mulongo

Fundi alipong'oa ubao wa kwanza wa dari ya kanisa letu, harufu iliyoshuka ilitutoa wote nje. Ilikuwa harufu ya mavi ya popo, makavu, ya miaka mingi, na ndani yake mlikuwa na kitu kingine kama vumbi la mawe na chumvi. Akina mama waliokuja kufagia walifunika pua kwa leso. Katekista wetu, kijana mwenye maneno, akasema kumbe miaka yote hii tumekuwa tukiimba Utukufu chini ya choo. Watu wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikajikuta nimeketi juu ya rundo la mabati.

Mimi harufu ile naijua. Niliivuta mara moja tu, nikiwa na miaka kumi na miwili, ndani ya pango katika mbuga ya Mlima Elgon, na nilichokifanya kule sijamwambia mtu ila padre kwenye kitubio. Nyinyi mnaosoma nawaambia leo kwa sababu nimezeeka, na Mungu kwa wema wake amenipa subira ya kuyasema mambo yangu bila kuyapamba.

Nilizaliwa pacha, sote wawili wasichana, upande wa Shinyalu, katika boma lililopakana na mashamba ya majani chai. Nyuma ya majani chai ulianza msitu. Mimi nilitangulia kutoka nikaitwa Mukhwana. Dada yangu akafuata akaitwa Mulongo, kama mapacha wanavyoitwa kwetu. Watu waliwaogopa mapacha kidogo. Iliaminika kwamba ukimpa mmoja kitu ukamnyima mwenzake, yule aliyenyimwa atanyauka, na lawama itaikalia nyumba nzima. Mama yetu alikuwa Mkristo wa rozari kila jioni, lakini katika jambo hili hakutaka kujaribu. Ndizi moja ilikatwa katikati. Sabuni ilikatwa katikati. Mgeni akija na peremende moja, mama aliiweka juu ya jiwe la kusagia, akaigonga, kisha akavipima vipande jicho moja amelifumba, kama mtu anayenyoosha ukuta. Tulipoanza shule alinunua daftari moja, akalilaza juu ya gogo la kupasulia kuni, akalikata kwa panga dharuba moja. Likawa madaftari mawili mafupi, kila moja na pini yake. Kurasa zetu ziliisha kabla ya hesabu kuisha, na shuleni tuliitwa Nusu Mkubwa na Nusu Mdogo.

Kilichoshindikana kukatwa kilikwenda kwa zamu. Viatu vilikuwa jozi moja, vyeusi, vya kamba, vilivyotoka kwa binti wa shangazi yetu wa Mumias baada ya yeye kuvizidi. Wiki moja vilikuwa vyangu, wiki iliyofuata vya Mulongo. Zamu ilianza Jumapili kabla ya misa na kumalizika Jumamosi wakati wa kulala, na aliyevaa ndiye aliyevifuta matope kabla ya kumkabidhi mwenzake. Sikumbuki tukigombana juu ya zamu. Zamu ilikuwa kama mvua. Hukuilaumu ilipokuwa kwa jirani, kwa kuwa ulijua inakuja.

Tulifanana sura hata mwalimu alituchanganya, ila hatukufanana kwa jambo moja. Mulongo alipenda nyota. Baada ya kuosha vyombo alisimama mlangoni pa jikoni, mikono ikiwa bado na maji, akatazama juu hadi mama amwite mara tatu. Kukhu, nyanya yetu mzaa baba, ndiye aliyemwonyesha Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana kama vifaranga chini ya mama yao, ambalo wazee walilitazama ili kujua majira ya shamba. Mulongo akaanza kulichora katika nusu yake ya daftari. Mwezi huu Kilimia kimechomoza juu ya ule mti mrefu wa msituni ulioinama. Mwezi uliofuata, giza lilipoingia, kilikuwa kimepanda zaidi ya urefu wa mkono. Halafu juu ya paa. Halafu kikiinama upande wa Kakamega mjini, na mwishowe ukurasa mtupu wenye ule mti peke yake, chini ameandika, "Leo hakipo." Alichora kwa penseli iliyobaki fupi kama kidole gumba, na kila ukurasa ule mti ulikuwa uleule, jani kwa jani.

Katika nusu yangu ya daftari mlikuwa na paka asiye na shingo.

Tulipokuwa darasa la saba, mwalimu wetu wa jiografia, Mwalimu Likhanga, alitangaza kwamba lori la misheni litawapeleka watoto wa shule kadhaa kwenye mbuga ya Mlima Elgon, walale huko usiku mmoja, wapande mlima na kufundishwa nyota. Atakayefundisha nyota ni Sista mmoja, mkuu wa shule ya bweni ya wasichana. Shule yetu ilipewa nafasi mbili, ya mvulana mmoja na msichana mmoja. Mwalimu Likhanga hakufikiri hata kidogo.

"Mulongo," akasema. "Lakini kila mtoto awe na sweta na viatu. Huko mawe hukata, na baridi haina adabu."

Jioni ile mama alituita jikoni. Alihesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu, uso ukasawijika.

"Safari ni Ijumaa ya wiki ile nyingine," akasema. "Wiki hiyo viatu ni vya Mukhwana."

"Tubadilishane tu," Mulongo akaniambia. "Nitakupea zamu mbili. Hata tatu."

"Sitaki."

"Ai, Mukhwana! Wewe nyota unatazamanga lini? Hata mwezi ukiwa mzima unauliza uko wapi."

"Na wewe miguu unaoshanga lini? Utavitia viatu harufu mpaka ndovu wakimbie."

Kukhu alicheka hadi akakohoa. Mimi sikucheka. Nawaambia ukweli, sikuutaka mlima. Nilitaka tu kwamba mara moja jina liitwe darasani na liwe langu. Baba alipoingia na kuelezwa, alivua kofia, akaketi, akasema neno ambalo hangeweza kulibadilisha bila kuvunja sheria ya nyumba yake mwenyewe: "Zamu ni zamu. Aende Mukhwana. Safari ijayo itakuwa ya Mulongo." Mwalimu Likhanga alipoambiwa alikuna kichwa kwa muda, kisha akasema afadhali pacha yeyote kuliko nafasi kwenda shule nyingine.

Alfajiri ya kuondoka Mulongo aliniamsha, akanifunga kamba za viatu mwenyewe, akanipa nusu yake ya daftari.

"Hapa ninahesabu nyota sita kwa Kilimia," akasema. "Kukhu anasema ziko saba. Huko juu mko karibu. Hesabu vizuri, unichoree."

Nilimwambia sawa.

Masaba, ndivyo wazee wetu walivyouita mlima ule. Nilikuwa nimeusikia tu, kama unavyosikia habari za mfalme. Tulipita Kitale, tukaingia barabara ya vumbi jekundu, na tulipofika langoni mwa mbuga sote tulikuwa na nyusi nyekundu kama jogoo. Askari wa mbuga aliyetupokea alikuwa mtu wa mzaha, na bunduki yake ilifungwa kwa waya. Alituambia kwamba mlima huo zamani za zamani ulitapika moto, kabla hajazaliwa mtu wa kuukimbia, na udongo mweusi tunaoukanyaga ni majivu yaliyopoa. Tulipanda kwa miguu katikati ya miti mikubwa yenye ndevu za kuvu. Viatu vilinibana. Nilikuwa nimeanza kumzidi Mulongo kwa miguu, na kila hatua vidole vilinikumbusha nani angetembea vizuri zaidi humo.

Kisha pango. Mdomo wake ulikuwa mpana kuliko kanisa letu, maji yakidondoka mbele kama pazia la shanga. Askari alituonyesha kuta zilizochorwachorwa na pembe za ndovu, maana usiku ndovu huingia humo gizani, wakipapasa njia kwa mikonga, ili wakwangue mawe wapate chumvi. Juu yetu popo walining'inia kwa maelfu, wakinong'ona. Harufu ilitukaba koo. Mvulana wa shule yetu alitapika viazi vitamu vyote alivyofungiwa na mama yake. Mimi niligusa ukuta, nikalamba kidole, kikawa na chumvi kweli, nikafurahi, na ile ndiyo furaha ya mwisho ya mtoto niliyoipata bila kitu kingine ndani yake.

Giza lilipoingia tuliketi uwanjani tumejifunga mablanketi. Sista alikuwa mfupi, mwenye miwani mikubwa na sweta la kiume juu ya kanzu yake nyeupe. Mbinguni kulikuwa kumejaa nyota hata hapakuwa na pa kutia kidole. Akauliza, "Nani anajua Kilimia?"

Mkono wangu ukaingia ndani ya sweta, ukatoka na daftari. Nilitaka tu kuonyesha kwamba nyumbani kwetu tunakijua. Sista aliwasha tochi, akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Aliurudia ule mti ulioinama, kurasa zote. Alipofika palipoandikwa "Leo hakipo" akayasoma maneno hayo kwa sauti ya chini.

"Umechora wewe?"

Mara nyingi tangu siku ile nimeupima muda uliopita kabla sijajibu, nikiwa kitandani, nikiwa kanisani. Ulikuwa muda wa kumeza mate mara moja.

"Ndiyo, Sista."

"Mbona limekatwa?"

"Sisi ni mapacha, Sista. Nusu nyingine iko na dada yangu."

"Na yeye anachora nini kwa nusu yake?"

"Hakuna, Sista. Paka tu."

Watoto walicheka. Sista naye alitabasamu, akanivuta karibu, akanifunika na upande wa blanketi lake. Akaniambia nimwonyeshe Kilimia kilipo. Nilinyoosha mkono popote. Bahati yangu, au adhabu yangu, alifikiri baridi ndiyo inayoupotosha, akaushika akauelekeza penyewe. Usiku ule sikuhesabu nyota. Niliogopa kutazama juu. Asubuhi tulipanda hadi kwenye miamba ya juu, na njia nzima Sista alitembea kando yangu akinieleza habari za shule yake, vitanda vyake, maktaba yake. Daftari lilikuwa ndani ya mkoba wake.

Mulongo alinipokea barabarani. Hakuuliza juu ya ndovu.

"Ni sita ama ni saba?"

"Kulikuwa na mawingu."

"Usiku wote?"

"Wote."

"Na daftari yangu?"

"Lilianguka pangoni."

Alinitazama. "Mukhwana, ulianguka nalo ama lilianguka peke yake?" Nikasema lilianguka peke yake. Alipiga magoti, akanifungua kamba za viatu, kwa kuwa zamu yangu ilikuwa inaisha jioni ile, akavichukua, akaenda kuvifuta, ingawa kuvifuta ilikuwa kazi yangu.

Muda si mrefu Sista alikuja nyumbani kwetu. Mama aliazima kiti chenye mgongo kwa jirani, kuku akachinjwa, ingokho ya wageni, na Mulongo ndiye aliyeleta maji ya kunawa. Sista alieleza kwamba shule yake ina nafasi ya bure kwa msichana mmoja kutoka familia isiyo na uwezo, na kwamba ameshampata. Akalitoa daftari mkobani, akaliweka mezani kati ya sahani.

Nilimtazama baba. Baba alikuwa akiutazama ule mti ulioinama, ambao yeye mwenyewe alimshikia Mulongo taa ili auchore. Mama aliutazama pia, akashika ncha ya leso yake, akaanza kuikunja.

"Sista," mama akasema polepole, "kwetu hawa hatumpi mmoja."

"Mama, kitanda ni kimoja," Sista akasema kwa upole. Kisha akamgeukia dada yangu aliyekuwa amesimama na birika. "Na wewe, msichana, unaweza kuchora kama mwenzako?"

Nilisikia kuku wengine wakiparua nje. Nikajua limekuja, na nakiri kwenu kwamba hata wakati ule niliomba. Sikuomba kusamehewa, niliomba asiseme. Mulongo alilitazama daftari lake, akanitazama mimi, akatazama chini.

"Hapana, Sista," akasema. "Hilo ni lake."

Baba akavuta pumzi. Mama akasema Mungu asifiwe, kwa sauti ya mtu anayeugua jino. Hakuna aliyelizungumzia neno lile tena, si siku ile wala hadi walipokufa. Nilipofungwa sanduku kwenda shuleni, mama alitafuta namna ya kusawazisha. Mimi nilipewa shule. Mulongo alipewa mtetea anayetaga.

Muhula mzima nilijiambia kwamba dada yangu amenipa. Nilimwona kama wale watakatifu kwenye vioo vya kanisa la bweni, waliotoa kila kitu bila kuombwa, na nikamheshimu, kwani ni rahisi kumheshimu mtu aliyekupa alichokuwa nacho. Nikarudi likizo. Mulongo alikuwa ananisubiri mlangoni. Kando ya mlango palikuwa na furushi: gauni lake limefuliwa na kukunjwa, kitambaa cha kichwa, kipande cha sabuni kizima ambacho hakijakatwa. Juu ya furushi vilikaa vile viatu vya kamba, vimepakwa mafuta vikang'aa. Alilishika sanduku langu kwa mikono miwili.

"Funguo iko wapi?" akaniuliza. "Na zamu yangu inaanza Jumatatu gani?"

Nilicheka, ndugu zangu. Nilikuwa nimekaa bwenini miezi mitatu, nimejifunza kucheka kama wasichana wa mjini. Nilimwambia shule haiendi kwa zamu, shule si viatu, mjinga wewe. Mama alikuwa akipembua maharage. Alinyanyuka na ungo wake, akaingia jikoni, akaufunga mlango. Mulongo hakulia. Alilitazama furushi kana kwamba ni la mtu mwingine, kisha akalifungua, akalitundika gauni mahali pake.

Mtoto niliyekuwa alicheka akasahau. Mtu mzima ndiye aliyekuja kuelewa, na si mara moja, bali kidogo kidogo, kama unavyozoea maumivu ya goti. Siku ile mbele ya Sista, Mulongo hakunipa kitu. Hakuwa mtakatifu wa kwenye kioo. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye maisha yake yote hajaona kitu cha mmoja wetu kisichofika kwa mwenzake. Alisema "hilo ni lake" kama ambavyo angesema viatu ni vyangu wiki hii. Alikuwa akingoja nusu yake. Aliingoja muhula wa kwanza, na sijui aliacha kuingoja lini. Nilipokuwa nafanya mtihani wa mwisho yeye alikuwa anachuma majani chai na kumnyonyesha mtoto wa kwanza. Nimefundisha katekisimu miaka mingi, nimewafundisha watoto amri ya kutomsingizia jirani, na sijawahi kuifikia bila mate kunikauka. Padre aliniambia nirudishe nilichochukua. Ni haki yake kusema hivyo. Lakini nusu ya ujana hukatwa kwa panga gani? Namshukuru Mungu kwa mkate wangu na kwa kila herufi ninayoisoma, namshukuru kila asubuhi kwa moyo wote, na kila asubuhi shukrani hiyo inapita kooni kama kitu chenye mwiba.

Nilikuwa bado nimeketi juu ya mabati siku ile ya popo Mulongo alipofika na kibuyu cha uji kwa ajili ya mafundi. Anatembea kwa fimbo sasa, na jicho lake la kushoto limeingia ukungu. Alisimama mlangoni pa kanisa, akainua pua.

"Nini inanuka?"

"Popo," nikasema. "Wamejaa darini."

Tangu jioni ile niliporudi na uongo wa mawingu, hakuwahi kuniuliza tena neno lolote juu ya mlima, miaka zaidi ya hamsini, nami nilidhani amesahau.

"Mukhwana," akasema, "lile pango lilinukanga hivi?"

"Ndiyo. Hivi hivi."

Akaingia ndani, mahali ambapo mafundi wenyewe walipakimbia, akasimama katikati ya mabenchi, akavuta pumzi ndefu hadi mabega yakapanda. Alipotoka macho yalikuwa yanatiririka, kwa ile harufu, na akajifuta kwa kiganja.

"Haya," akasema, "na mimi nimefika."

Nilikuwa na neno mdomoni. Nililibeba tangu mlima ule, na pale lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini alikuwa ameshaketi kando yangu, amepanga vikombe viwili chini, anamimina uji kidogo huku, kidogo kule, akivipima, jicho lile bovu amelifumba.